Uzi Unatoka Wapi? Jani, Mbegu, Ganda na Manyoya



Somo letu la safari hii ni juu ya nyuzi za asili, yaani zile zitokazo kwenye mimea na wanyama. Wengine watauliza: sisi tunaozishika kila siku, tufundishwe nini tena? Mkata mkonge anaujua mkonge, na mwenye kuendesha kinu cha kuchambulia pamba anaijua pamba. Ni kweli. Lakini je, mkata mkonge amewahi kuelezwa kwa nini yeye ni mtu wa mshahara, ilhali ndugu yake alimaye pamba hakuajiriwa na mtu, na bado wote wawili ni maskini? Na mama afanyaye kazi katika chumba cha kuchania pamba anajua kwamba kifua humbana siku ya Jumatatu kuliko siku ya Ijumaa, ila hakuna aliyemwambia sababu. Tutaonyesha kwamba mambo hayo yote mawili yanaanzia mahali pamoja, nayo ni ile sehemu ya mmea au ya mnyama ambamo uzi unatoka.

KWANZA TUZIJUE

Nyuzi za mimea hutoka sehemu nne. Ziko za mbegu, kama pamba, na sufi ya mito na magodoro itokayo kwenye msufi. Ziko za gome la bua, kama kitani cha Ulaya na juti ya Bangladesh na Bengali ya India, ambayo ndiyo gunia. Ziko za jani, kama mkonge, na abaka ya Ufilipino ambayo ni jamaa ya mgomba, na mwale ambao Wakuba wa Kasai, kule Kongo, wanaufuma nguo zenye sifa duniani kote. Ziko za ganda la tunda, nazo ni makumbi ya nazi.

Wengi watashangaa wakisikia kwamba juti ni mlenda. Mmoja kati ya mimea miwili inayotoa juti ndio ule ule ambao akina mama wa kwetu huchuma majani yake wakapika mboga. Tofauti ni kwamba mkulima wa Bengali huuacha urefuke kupita kimo cha mtu, kisha huukata na kulilaza bua majini siku nyingi mpaka gome lioze na nyuzi ziachane. Mwenye kazi hiyo husimama ndani ya maji hayo yanayonuka, maji yakimfika mapajani, akivuta nyuzi kwa mikono.

Kwa upande wa wanyama tuna manyoya ya kondoo, ambayo ndiyo sufu, na manyoya ya mbuzi na ngamia. Tena tuna hariri, ambayo si manyoya hata kidogo. Hariri ni ute wa kiwavi alaye majani ya mforsadi. Huutoa mdomoni na kujizungushia mpaka amejifunika, na uzi wake mmoja usiokatika waweza kupita mita mia saba. Halafu watu humtia kiwavi huyo katika maji ya moto kabla hajatoboa nyumba yake, wakaukunjua ule uzi. (Hapa tunaomba ndugu wasichanganye sufu na sufi. Sufu ni ya kondoo, sufi ni ya mti. Mwenye duka anayekuuzia godoro anaijua tofauti hiyo vizuri sana.)

Nyuzi zote za mimea zimejengwa kwa kitu kimoja kiitwacho selulosi, ambacho ndicho kilichomo katika karatasi. Nyuzi za wanyama zimejengwa kwa protini, kama nywele zetu na kucha zetu. Unaweza kulithibitisha jambo hili kwa kiberiti. Chukua nyuzi chache za pamba au mkonge uziwashe: zitawaka upesi, zitanuka kama karatasi, na jivu lake litakuwa laini la kijivu. Choma sufu: itasinyaa, itawaka kwa shida, itanuka nywele zilizoungua, na itaacha kidonge cheusi kinachovunjika ukikifinya. Choma nailoni au kamba ya plastiki: itayeyuka, itadondoka, na kikipoa kidonge chake ni kigumu kama jiwe. Lakini usifanye jaribio hili ndani ya kiwanda. Vumbi la pamba hushika moto mara moja, na nyumba nzima ya marobota imekwisha kuteketea kwa cheche moja.

JANI: MKONGE

Tutakaa hapa kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu ndugu zetu wengi na wazee wetu wengi wamepita katika mashamba ya mkonge, hata kama kwao si Tanga.

Mkonge si mmea wa Afrika. Kwao ni Meksiko, katika rasi ya Yucatán, ambako Wamaya waliutumia kwa kamba tangu kale. Jina la Kizungu la mkonge, sisal, ni jina la bandari moja ya huko ambamo nyuzi zilipakiwa melini. Miaka ya 1830 Mmarekani mmoja aliupeleka Florida. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, bwana shamba wa kampuni ya Wajerumani iliyotawala biashara ya pwani yetu, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yalitoka mashamba yaliyojaza nchi kutoka Tanga hadi Korogwe, Morogoro na Lindi, na baadaye mkonge ukafika Thika na pwani ya Kenya.

Sasa tuliangalie jani lenyewe. Ukipima kilo mia moja za majani mabichi, singa utakazopata ni kama kilo nne. Kilo tisini na sita zilizobaki ni maji, utomvu na makapi. Fanya hesabu: robota moja la mkonge ni kilo 250, kwa hiyo linahitaji majani ya tani sita na robo. Jani moja likichukuliwa kuwa lina zaidi kidogo ya nusu kilo, robota moja ni kama majani elfu kumi. Kila jani limekatwa kwa kisu na mkono wa mtu, limeondolewa mwiba wa nchani, limefungwa mzigo wa majani thelathini, na limebebwa begani hadi kwenye reli ya toroli au barabarani. Utomvu wake unawasha ngozi, na mwiba wake umewatoboa watu macho.

Tena jani likishakatwa halingoji. Likikaa siku mbili tatu juani linakauka, singa zinashikana na makapi, na rangi inaharibika. Ni lazima lifike haraka kwenye korona, yaani ile mashine yenye magurudumu ya visu butu inayoliponda na kulikwangua huku maji mengi yakimwagika. Baadaye singa huanikwa juani, hupigwa brashi, huchaguliwa kwa daraja, na kufungwa marobota.

Ndugu, katika mambo hayo mawili, yaani nne katika mia na jani lisilongoja, ndimo lilimozaliwa shamba kubwa la mkonge. Mkulima mwenye ekari mbili hawezi kununua korona. Wala hawezi kupeleka majani yake mbali, maana atakuwa anasafirisha maji. Kwa hiyo mwenye mashine hutaka ardhi yote inayoizunguka, na reli ndani yake, na mto karibu, na watu elfu moja wanaolala kambini ili asubuhi na mapema wawe wameingia shambani. Mmea wenyewe ulimfaa bepari kana kwamba amejitengenezea.

Watu elfu hao walitoka wapi? Majirani wa mashamba walikuwa na konde zao, hawakutaka kazi hiyo kwa mshahara ule. Ndipo wenye mashamba walipowafuata watu wa mbali. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge wa Tanganyika kilianzisha ofisi yake ya kuandikisha watu, iliyojulikana kama SILABU. Watu walichukuliwa kutoka mikoa ya kusini na magharibi ya Tanganyika, kutoka Ruanda na Urundi, na wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, naye akaitwa manamba. Wako wazee katika vijiji vyetu waliokwenda kwa mkataba wa mwaka mmoja wakarudi baada ya ishirini, na wako ambao hawakurudi. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: kadi ya siku thelathini, na ole wako ikiwa mnyapara hakutia alama ya siku kwa sababu mizigo yako ilipungua miwili.

Lakini mahali panapokusanya watu elfu moja hapakusanyi jasho tu, hukusanya na sauti. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde, kule Usambara, waligoma kwa muda mrefu, na mgomo huo ukasikika nchi nzima. Chama cha wafanyakazi wa mkonge na mashamba kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya Tanganyika. Kiongozi wake Victor Mkello hakunyamaza hata baada ya uhuru, na mwaka 1963 serikali ilimpeleka Sumbawanga akae huko kwa amri.

Kuna jambo jingine kuhusu mkonge ambalo kila tawi la chama shambani linapaswa kulijua. Mkonge unapopandwa hukaa karibu miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Kisha hukatwa mwaka hadi mwaka, na baada ya miaka kama saba hadi kumi hutoa mlingoti wenye kimo cha nyumba, unazaa miche juu yake, halafu mmea unakufa. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mwenye shamba akiacha kupanda leo, korona haitanyamaza leo. Itanguruma miaka mingine mitano au zaidi kwa mkonge wa zamani, na siku itakaponyamaza watawaambia watu kwamba ni bei ya dunia.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bei ilikuwa nzuri, na mwaka 1964 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa, ikiongoza dunia. Halafu viwanda vya ng'ambo vikaanza kutengeneza kamba za plastiki, zitokanazo na mafuta ya petroli, na wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifungia nyasi zao kwa kamba ya mkonge wakahamia huko. Katika miaka michache bei ilianguka karibu nusu. Wenye mashamba wakaacha kupanda, wakawa wanakata tu. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na serikali ikarithi mkonge uliokwisha kuzeeka pamoja na korona zilizochakaa. Hapo tena uendeshaji mbaya ukaongezeka juu ya bei mbaya, hilo hatuwezi kulificha. Katikati ya miaka ya 1980 nchi ile ile haikufikisha hata tani 50,000. Leo Brazili ndiyo inayoongoza, na Tanzania na Kenya zimo katika nchi zinazofuata.

Brazili wenyewe walipita njia tofauti. Katika jimbo la Bahia wakulima wadogo wanalima mkonge, na mashine ndogo inaburutwa kutoka konde hadi konde. Hawalali kambini, hawana mnyapara wa shamba kubwa. Lakini mashine ile mtu huilisha jani kwa mkono wake hadi karibu na visu, na imewakata watu wengi vidole na mikono. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba shamba likiwa dogo hatari imekwisha. Aliyebadilisha ukubwa wa mashine bila kuweka kinga kwenye mdomo wake hakumsaidia mfanyakazi.

MBEGU: PAMBA

Pamba ni unyoya wa mbegu. Mmea huuota ili mbegu zichukuliwe na upepo, na sisi tunauwahi kabla upepo haujaja. Tofauti yake na mkonge ni kubwa sana. Pamba inachumwa ikiwa kavu. Inaweza kukaa ghalani wiki kadhaa isiharibike. Ukipima kilo mia za pamba yenye mbegu, nyuzi zake ni kama theluthi moja, na theluthi mbili ni mbegu. Basi pamba inaweza kulimwa na mtu mwenye nusu ekari, mkewe na watoto, na kubebwa kichwani hadi mnadani.

Kwa hiyo mwenye kinu hana haja ya kumiliki ardhi wala kuajiri walimaji. Yatosha asimame kwenye mzani. Mkonge unamnyonya mtu katika kipande cha kazi, na pamba inamnyonya katika mawe ya mzani na katika bei. Mkulima wa pamba hana bosi wa kumgomea. Ana mnunuzi mmoja tu, anayemwambia bei baada ya pamba kuwa tayari.

Serikali za kikoloni zililijua jambo hili. Wajerumani waliwalazimisha watu wa kusini ya Tanganyika kulima mashamba ya pamba ya pamoja, na hiyo ni moja ya sababu za vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Katika Kongo ya Wabelgiji pamba ya lazima ilianza mwaka 1917: kila familia ilipimiwa eneo, na kila wilaya ilikuwa na kampuni yake ya kununua, wala huruhusiwi kumuuzia mwingine. Uganda hapakuwa na ukali wa namna hiyo, lakini nako vinu vilikuwa mikononi mwa wachache, na mwaka 1949 katika machafuko ya Buganda moja ya madai ya wakulima ilikuwa kwamba wachambue pamba yao wenyewe na kuiuza nje wenyewe.

Hawakuwa wajinga. Zile theluthi mbili za mbegu si takataka. Hukamuliwa mafuta ya kupikia, na mashudu yake hulisha ng'ombe. Mkulima akiuza pamba yenye mbegu, ameuza vitu vitatu kwa bei ya kimoja, labda kama chama chake cha ushirika kina kinu.

GANDA: MAKUMBI

Hapa tutapita haraka. Makumbi ya nazi hayana shamba la kampuni wala kinu. Katika vijiji vya pwani na visiwani, akina mama huyafukia kwenye mchanga wa ufukoni ambako maji ya bahari hufika, wakayaacha miezi mingi yalainike. Kisha huyafukua, huyaponda kwa fimbo mpaka yabaki usumba, wakasokota kamba kwa viganja. Kamba hiyo haiogopi maji ya chumvi, na ndiyo iliyoshona mbao za mitepe ya zamani kabla ya misumari. Kazi yote hiyo haina mshahara, haina likizo, wala haimo katika hesabu ya chama chochote. Tunaiandika hapa ili isisahauliwe.

MANYOYA: SUFU

Kondoo hukatwa manyoya mara moja kwa mwaka, na sehemu kubwa ya sufu ya viwanda vya dunia hutoka nchi za kondoo wengi kama Australia na New Zealand. Wakataji manyoya wa Australia walikuwa watu wa kuhamahama, banda hadi banda, kama manamba wa mkonge. Mwaka 1891 waligoma kule Queensland kwa sababu wenye kondoo walitaka kuajiri watu wasio wa chama. Serikali ilileta askari, viongozi wakafungwa, mgomo ukashindwa. Lakini kutokana na mgomo huo na mingine ya miaka ile, wafanyakazi wa Australia waliunda chama chao cha siasa.

Jambo la kutuhusu zaidi katika sufu ni ugonjwa. Wafugaji wanakijua kimeta, ambacho huua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Vijidudu vyake hujifunga katika ganda gumu na kuweza kukaa hai miaka mingi katika udongo, ngozi na manyoya. Katika karne ya 19, mji wa Bradford nchini Uingereza ulipoanza kununua manyoya ya mbuzi na wanyama wengine wa nchi za mbali, wachaguzi wa manyoya wakaanza kufa ghafula. Mtu anaingia kazini mzima, anapata homa na kubanwa pumzi, na baada ya siku chache anazikwa. Walikuwa wanavuta vijidudu vya kimeta pamoja na vumbi la marobota. Ilichukua miaka mingi ya kupigania mpaka ikatolewa sheria ya kusafisha manyoya hayo kwa dawa kabla ya kufunguliwa. Shirika la Kazi Duniani lilipoanzishwa mwaka 1919, mwaka huo huo wa kwanza lilitoa pendekezo juu ya kimeta katika sufu. Ndugu wanaofanya kazi katika ngozi na manyoya wasidhani hayo ni ya zamani: kimeta bado kipo katika nchi zetu, na kidonda chenye kitovu cheusi mkononi kisichouma ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

VUMBI

Sasa turudi kwa yule mama wa Jumatatu. Tuliona kwamba pamba inachumwa kavu kutoka kwenye tumba. Tumba hilo limezungukwa na vijani vikavu, ambavyo huvunjika na kuingia ndani ya pamba. Katika vipande hivyo hukaa bakteria wenye sumu. Robota likifunguliwa kiwandani, na pamba ikipulizwa na kuchanwa, vipande hivyo vinasagika kuwa vumbi lisiloonekana kwa macho, nalo linaingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtu akipumzika Jumapili, kifua kinatulia. Akirudi Jumatatu, kinapambana upya na vumbi na kubana. Jumanne anaona nafuu, anadhani amezoea. Baada ya miaka, kubana kunafika Jumanne, halafu Jumatano, halafu wiki nzima, na mwisho mtu hawezi kupanda mlima bila kusimama. Ugonjwa huu unaitwa bisinosisi. Ukikamatwa mapema na mtu akatolewa vumbini, kifua chaweza kurudi hali yake. Ukiachwa, haurudi nyuma.

Madaktari wengi walizoea kuwaambia wagonjwa kwamba ni pumu, au ni sigara. Nchini Marekani wenye viwanda vya pamba walikana kwa miaka mingi kwamba ugonjwa huu upo. Mwaka 1975 wafanyakazi waliougua waliunda umoja wao katika majimbo ya kusini, wakashirikiana na chama cha wafanyakazi wa nguo, wakaenda mbele ya wakubwa wakiwa na vifua vyao vinavyokorota. Mwaka 1978 serikali ikaweka kipimo: katika kazi ya kutengeneza uzi, vumbi lisizidi maikrogramu 200 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Ni kama kuchukua gramu moja ya vumbi na kuitawanya katika mita za ujazo elfu tano. Wenye viwanda wakakimbilia mahakamani wakisema gharama ni kubwa kuliko faida. Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliwakatalia, ikaamua kwamba katika vumbi hilo sheria imetanguliza afya ya mfanyakazi, wala haihitaji ipimwe na gharama zao.

Mkonge nao una vumbi, ila si mahali pote. Kwenye korona jani ni bichi na maji yanamwagika, vumbi hakuna. Hatari ya hapo ni visu, utomvu na kelele. Vumbi liko kwenye chumba cha brashi, ambako singa zimekwisha kauka. Uchunguzi uliofanywa katika viwanda vya mkonge vya Tanzania miaka ya 2000 ulikuta wafanyakazi wa brashi wakikohoa na kubanwa kifua. Na katika orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, kama ilivyorekebishwa mwaka 1980, yametajwa magonjwa ya mapafu yatokanayo na vumbi la pamba, kitani, katani na mkonge. Kwa hiyo mfanyakazi wa brashi akiambiwa kwamba ugonjwa wa vumbi ni wa pamba peke yake, mwenye kumwambia hivyo ameisoma nusu.

Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakizuii vumbi hili. Kinazuia lile nene linaloonekana, ambalo hata pua ingelizuia. Kinga ya kweli ni mashine kufunikwa na vumbi kuvutwa kwa bomba pale pale linapotoka, sakafu kusafishwa kwa kufyonza au kwa maji badala ya kupulizwa kwa hewa, na kila mfanyakazi kupimwa pumzi mara kwa mara. Kipimo cha pumzi ni cha kupulizia mashine ndogo, hakichukui dakika kumi. Kifanywe asubuhi ya Jumatatu kabla ya kuingia kazini, na tena baada ya saa kadhaa za kazi siku hiyo hiyo, kisha tarakimu mbili zilinganishwe. Kipimo cha siku ya Alhamisi tu kinaweza kuficha ugonjwa.

Gharama ni ya nani? Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981 unasema katika ibara yake ya 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini hazitamgharimu mfanyakazi chochote. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama inatakiwa kuheshimu kanuni zake hata kama haijautia sahihi. Tunajua mashamba ambako bei ya glavu hukatwa katika mshahara. Mkato huo uandikwe, tarehe na kiasi, na upelekwe kwenye kikao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA TAWI

1. Katika shamba lenu, ni vitalu vingapi vimepandwa upya katika miaka mitatu iliyopita, na vingapi vimetoa milingoti? Kwa hesabu hiyo, kazi iliyopo ni ya miaka mingapi?

2. Mzani wa kiwanda au wa mnada wenu ulikaguliwa lini mara ya mwisho, na nani alikuwepo?

3. Waulizeni wenzenu wa chumba cha kuchania na cha brashi, mmoja mmoja na faraghani: kifua kinabana siku gani? Andikeni siku, umri wa mtu na miaka aliyofanya kazi hapo. Msiandike jina ikiwa hataki.

4. Nani katika familia zenu alikwenda mkonge kwa namba? Wazee waulizwe wangalipo, na majibu yaletwe kwa mwandishi wa tawi.